Puto halivimbi, rozela haibadiliki rangi, taa ya ndimu haiwaki: utatuzi wa matatizo ya majaribio ya sayansi ya jikoni

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi aliyebaki jikoni na mtoto, maonyesho ya sayansi ya shule yako kesho kutwa, na jaribio limegoma. Majaribio yanayoletwa mara nyingi ni yale yale: puto linalojazwa na hamira, volkano ya magadi soda, kiashiria cha asidi na besi (maji ya rangi yanayoonyesha kama kitu ni kichachu kama ndimu, yaani asidi, au ni kinyume chake kama magadi soda, yaani besi) kinachotengenezwa kwa rozela au manjano, na betri ya ndimu. Yote yana gharama ndogo, na yote hugoma kwa sababu zinazojulikana.

Kabla ya kugusa chochote: jaribio likigoma, badili jambo moja tu, kisha subiri. Ukiongeza sukari, ukapasha maji na kubadilisha puto kwa mpigo mmoja, likivimba hutajua kilichokuwa kimeharibika, na mtoto hatakuwa na la kumjibu mwalimu. Kila badiliko aliandike mwenyewe daftarini, hata lile lisilofanya kazi.

PUTO LA HAMIRA

Vipimo vya kuanzia: chupa ya plastiki ya mililita 500, maji vuguvugu mililita 150, sukari kijiko cha chai kimoja kilichosawazishwa (kama gramu 4), na nusu ya pakiti ya gramu 11 ya hamira ya chenga. Tikisa polepole, vika puto mdomoni mwa chupa. Kila kitu kikiwa sawa, puto husimama baada ya dakika 15 hadi 30, na huwa na umbo la kueleweka baada ya saa moja au zaidi kidogo. Wengi hukata tamaa dakika ya kumi.

Dalili: saa nzima imepita, puto limelala

Tazama ndani ya chupa kabla ya kufanya lolote. Kuna povu juu ya maji au hakuna? Swali hilo linagawa tatizo katikati. Kama hakuna povu, hamira haifanyi kazi, endelea hapa. Kama povu lipo, gesi inatoka lakini inapotea. Ruka hadi dalili inayofuata.

Sababu ya kwanza, tena iliyo mbele ya nyingine zote, ni maji ya moto kupita kiasi. Hamira ni kiumbe hai. Hupenda joto la nyuzi 35 hadi 40, na ikifika nyuzi 55 hadi 60 hufa, wala haifufuki maji yakipoa. Mtu akisikia "maji ya uvuguvugu" humimina ya kwenye chupa ya chai, na hapo mambo yameisha. Kama huna kipimajoto, changanya kwa vipimo. Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar, ambako maji ya bomba yana joto la nyuzi 25 hadi 28, kikombe kimoja cha maji yaliyotoka kuchemka na vikombe vinne vya maji ya bomba hukupa karibu nyuzi 40. Nairobi, Arusha au Mbeya wakati wa baridi, maji ya bomba yakiwa kwenye nyuzi 18 hivi, tumia kimoja kwa vitatu. (Nairobi iko kwenye mwinuko wa karibu mita 1,800, kwa hiyo maji huchemka pale kwenye nyuzi 94 hivi, si 100; hesabu hiyo bado inakaa sawa.) Mtoto achovye ndani ya kifundo cha mkono: asihisi moto wala baridi. Hamira huwekwa mwisho, maji yakiwa tayari, si kwenye kikombe cha maji ya moto ukingojea yapoe.

Sababu ya pili: hamira yenyewe imekufa dukani au kabatini. Pakiti iliyofunguliwa mwezi uliopita ikakunjwa na kubanwa na kibanio cha nguo, kisha ikakaa karibu na jiko, mara nyingi haina uhai. Pima: kijiko cha chai kimoja cha hamira, nusu kijiko cha sukari, nusu kikombe cha maji vuguvugu. Ndani ya dakika 10 lazima uone povu zito juu na usikie harufu ya mkate mbichi au ya togwa. Maji yakibaki kama ya tope, tupa hamira, nunua pakiti mpya, na uangalie tarehe ya mwisho wa matumizi.

Sababu ya tatu: umenunua bekingi poda. Madukani husemwa "hamira" kwa vitu viwili tofauti, na mtoto akitumwa dukani huleta chochote atakachopewa. Hamira ya kweli ni chenga ndogo za rangi ya kahawia hafifu. Bekingi poda ni unga mweupe laini, huchemka sekunde chache ikiguswa na maji, kisha kimya. Puto likiinuka mara moja tu na lisiongezeke tena, shuku hili.

Sababu ya nne ni baridi. Juni na Julai nyanda za juu, chupa iliyowekwa juu ya sakafu ya saruji hupoa kabla hamira haijaamka. Iweke kwenye beseni la maji vuguvugu, na uyabadilishe kila dakika 20.

Zilizobaki ni nadra: chumvi imewekwa badala ya sukari, au sukari imezidi. Ndiyo, sukari nyingi hupunguza kasi. Ikifika vijiko vya kulia vitatu au vinne kwenye maji haya machache, hamira hunyang'anywa maji na kuzubaa. Klorini ya maji ya bomba hulaumiwa sana, lakini kwa kiwango cha kawaida si mkosaji.

Dalili: povu limejaa, puto bado limelala

Gesi inavuja. Paka maji ya sabuni kwa kidole kuzunguka pale puto linapokutana na chupa. Penye vipovu ndipo panapovuja. Kausha, funga kwa mpira wa noti mizunguko mitatu, au solotepu. Kama hakuna mvujo, puto ni gumu. Puto jipya lisilonyooshwa hukataa kufunguka, na yale madogo ya sherehe ni magumu kuliko makubwa. Lipulize kwa mdomo mara mbili tatu, litoe hewa, ndipo ulivike. Kagua pia ukubwa wa chupa. Chupa ya lita moja na nusu ina nafasi kubwa tupu ndani, na hewa ya humo inabanwa kwanza kabla puto halijaguswa. Gramu 4 za sukari zikichachuka zote hutoa gesi ya zaidi kidogo ya lita moja, kwa saa nyingi, na sehemu yake huyeyuka kwenye maji. Huo ndio mtaji wote ulio nao.

Dalili: lilivimba jana, leo asubuhi limenywea

Hili si kosa. Hewa ukaa, ile gesi inayotolewa na hamira, hupenya kwenye mpira wa puto kwa wepesi kuliko hewa ya kawaida, na baridi ya usiku huibana gesi iliyobaki. Kwa hiyo usitayarishe jaribio usiku wa kuamkia maonyesho. Mtoto abebe sukari na hamira kavu kwenye karatasi mbili, maji kwenye chupa ya chai, achanganye palepale saa moja na nusu kabla ya waamuzi kufika.

Onyo: mchanganyiko huu usifungwe kwa kizibo hata kwa dakika kumi za kwenye daladala au matatu. Gesi haina pa kwenda. Chupa ya plastiki hupasuka au hurusha kizibo. Ya kioo hugeuka vipande. Chupa za kioo zisitumike kabisa katika jaribio hili.

Dalili: chupa zote zimevimba sawa

Mtoto alitaka kuonyesha kwamba joto lina athari, akaweka maji ya barafu, ya chumba na vuguvugu, na baada ya saa mbili maputo yamelingana. Sababu ni kwamba chupa zote zimeshafika joto la chumba. Chupa ndogo yenye maji ya nyuzi 40 hupoa haraka ikiwa mezani. Kila chupa ikae ndani ya beseni lake, moja lenye vipande vya barafu, moja la maji ya chumba, moja la maji vuguvugu yanayoongezwa, na puto lipimwe kila dakika 15, si mwisho tu. Tofauti kubwa huonekana katika nusu saa ya kwanza.

Kuna na kinyume chake, kinachowashangaza wengi: chupa isiyo na sukari nayo imevimba kidogo. Hamira ina akiba yake ya wanga ndani ya seli, na huanza na hiyo. Mtoto aandike alichokiona. Asiifute chupa hiyo, maana ndiyo ya ulinganisho. Akijaribu vyakula tofauti, asali itafanya vizuri, unga wa ngano polepole, na maziwa karibu hakuna kitu, kwa sababu hamira ya mkate haiwezi kuivunja sukari ya maziwa. Hayo ni matokeo mazuri kuliko puto moja kubwa.

VOLKANO YA MAGADI SODA

Hii hugoma kwa namna chache. Ikichemka kidogo tu na kuzima, kimoja kati ya magadi soda na siki kimepungua. Kijiko cha chai kimoja cha magadi soda (gramu 5 hivi) huhitaji karibu mililita 70 za siki ya asilimia 5 ili chote kitumike. Mtoto akimwaga magadi vijiko vitano juu ya siki ya kufunika kidole, mengi yatabaki chini kama mchanga mweupe. Juisi ya ndimu au limau ina ukali unaokaribiana na wa siki, kwa hiyo kipimo ni hicho hicho, na nyumba itanuka vizuri zaidi.

Ikichemka lakini "lava" haimwagiki, ongeza matone machache ya sabuni ya maji ya kuoshea vyombo ili gesi inaswe kwenye povu, na tumia chombo chenye mdomo mwembamba. Magadi ya mawe, yale yanayotoka Ziwa Magadi na Natron na kutumika kulainishia maharage, nayo huchemka kwenye siki, ila yapondwe kwanza. Yana ukali kuliko ya kuokea, na huwa na madini mengi ya floridi, basi mtoto asiyalambe.

Onyo moja zito. Kostiki soda, ile ya kutengenezea sabuni au kuzibulia mabomba, ni nyeupe pia na watu huiita "soda". Haichemki kwa gesi. Hutoa joto kali na kuunguza ngozi na macho. Unga mweupe wowote usio na lebo usiingie kwenye jaribio, hata kama bibi anasema ni magadi.

ROZELA NA MANJANO

Rozela (choya) ina rangi inayobadilika kufuatana na asidi au besi. Loweka kiganja kimoja cha rozela kavu kwenye kikombe cha maji ya moto kwa dakika 10, chuja. Kisha, na hapa ndipo wengi hukosea, chukua kijiko cha kulia kimoja tu cha maji hayo na ukizimue kwa nusu glasi ya maji safi. Gawa kwenye glasi ndogo, ongeza kitu kimoja katika kila moja. Utarajie nyekundu ya kung'aa kwa ndimu na siki, pinki hafifu kwa maji matupu, zambarau ikielekea bluu au kijani kwa magadi soda, na kijani kinachogeuka njano chafu kwa maji ya majivu ya kuni.

Dalili: kila glasi imebaki nyekundu

Karibu kila mara kiashiria ni kizito mno. Rozela yenyewe ni kali, ndiyo maana juisi yake inahitaji sukari nyingi hivyo, na asidi yake huimeza ile robo kijiko ya magadi soda kabla rangi haijapata nafasi ya kugeuka. Zimua mara mbili zaidi, halafu ongeza magadi kidogo kidogo ukikoroga. Kama bado, uliza ilitoka wapi. Juisi ya pakiti na unga wa kuchanganya na maji mara nyingi hutiwa rangi za kiwandani, na hizo hazibadiliki hata uimwagie besi gani. Mwisho, angalia umri wa maua. Rozela iliyokaa juani sokoni hadi ikawa ya kahawia imeshapoteza rangi yake.

Dalili: kila kitu kimekuwa bluu au zambarau, hata maji matupu

Maji yako yana besi. Maji ya kisima, hasa yale yanayoacha ukoko mweupe kwenye birika, hugeuza rozela iliyozimuliwa bila kuongezwa chochote. Tumia maji ya mvua au ya chupa. Sababu nyingine ni sabuni iliyobaki kwenye glasi. Suuza mara tatu. Ya tatu ni sufuria ya alumini: rozela huchemkia humo ikachukua madini na rangi ikapinda. Loweka kwenye glasi au bakuli la udongo wa kaure.

Dalili: rangi ya kijani ilitokea, ikapotea

Kwenye besi kali, kama maji ya majivu, rangi ya rozela huvunjika yenyewe. Mtoto aandike rangi ndani ya dakika moja, au apige picha. Ni jambo la kueleza mbele ya waamuzi, si la kuficha.

Maji ya rozela huota ukungu baada ya siku chache nje ya friji. Ukitaka ya kubeba, chovya vipande vya tishu nzito ya jikoni, vianike kivulini kwenye kamba ya nguo, kata vipande vya upana wa kidole.

Kwa upande wa manjano, malalamiko ni matatu. La kwanza: "haiyeyuki." Ni kweli, rangi yake haiyeyuki vizuri kwenye maji. Kijiko cha chai kimoja cha manjano kwenye vijiko vya kulia vitatu vya spiriti ya hospitali, tikisa, acha vumbi litulie, tumia maji ya juu. Spiriti hushika moto kwa mvuke wake tu, kwa hiyo kazi hii ifanywe na mtu mzima, mbali na jiko la gesi, mkaa au mshumaa, dirisha likiwa wazi.

La pili: "ndimu haibadilishi chochote." Haitabadilisha. Manjano hubaki njano kwenye asidi na kwenye maji matupu. Hugeuka nyekundu ya kahawia kwenye besi pekee. Yeyote aliyewahi kufua kanzu nyeupe iliyodondokewa na mchuzi ameona jambo hili: doa la njano likiguswa na sabuni ya mche huwa jekundu kama damu, na ukilidondoshea ndimu hurudi njano. Doa hilo kwenye kitambaa cheupe, sabuni upande mmoja na ndimu upande mwingine, ni onyesho linaloeleweka kuliko glasi nane.

La tatu: "imekuwa kahawia tu." Angalia ulichonunua. Binzari nyembamba si manjano, na unga wa bizari wa kuchanganywa una viungo vingine vingi. Unahitaji manjano halisi, au mzizi mbichi uliokunwa kwa grater ndogo ya tangawizi.

BETRI YA NDIMU

Vifaa: ndimu kubwa au malimau manne, misumari ya bati minne, vipande vinne vya waya mnene wa shaba uliochunwa plastiki, nyaya fupi za kuunganishia, na LED nyekundu moja (kitaa kidogo cha kielektroniki chenye miguu miwili). Fundi redio yeyote ana LED na mara nyingi atakupa kwa bei ya pipi. Kila tunda lichomwe msumari mmoja na shaba moja, umbali wa sentimita 2 hivi. Shaba ya tunda la kwanza iunganishwe na msumari wa la pili, shaba ya la pili na msumari wa la tatu, hivyo hivyo hadi mwisho.

Dalili: LED haiwaki kabisa

Igeuze. LED hupitisha umeme upande mmoja tu: mguu mrefu uende kwenye shaba iliyobaki mwisho, mfupi kwenye msumari uliobaki mwanzo. Hilo pekee hutatua kesi nyingi.

Ikikataa, fuata mnyororo kwa kidole. Kosa la kawaida ni shaba kuunganishwa na shaba mahali fulani, na matunda mawili yakawa yanapingana. Kosa la pili ni msumari na shaba kugusana ndani ya tunda, mahali usipoweza kuona. Chomoa na uchome upya kwa kuvisimamisha wima.

Halafu kagua misumari. Inayotakiwa ni ile ya kupigilia mabati ya paa, iliyopakwa zinki, ya kijivu isiyong'aa sana. Msumari wa kawaida wa mbao ni chuma kitupu na hutoa karibu nusu ya nguvu. Waya nao: ule mwembamba wa rangi ya dhahabu nyekundu unaotolewa kwenye mota au transfoma umepakwa vanishi isiyopitisha umeme. Usugue kwa msasa hadi ubadilike rangi, pande zote mbili. Bora utumie waya wa nyumba uliobaki kwa fundi, ukiwa mpya, haujaunganishwa popote.

Ndimu kavu zilizokaa wiki kwenye kapu pia hugoma. Zibingirishe mezani kwa kiganja, kwa kuzikandamiza, hadi zilainike, kabla ya kuchoma chochote.

Kama umeweka balbu ya tochi ya zamani badala ya LED, acha. Balbu hiyo huhitaji mkondo mara mia na zaidi ya unaoweza kutolewa na ndimu, hata ukipanga kreti nzima. LED nyeupe na bluu nazo ni ngumu: zinataka karibu volti 3, nyekundu hutosheka na chini ya 2. Kila tunda hutoa kiasi cha volti 0.9, lakini hupungua mara tu taa inapounganishwa. Ndiyo maana tunasema manne na si mawili.

Dalili: inawaka, lakini hakuna anayeiona

Mkondo ni mdogo, chini ya miliampia moja. Iweke LED ndani ya boksi la viatu lenye tundu la kuchungulia. Kama shule ina mita ya fundi, mtoto apime volti ya tunda moja, mawili, matatu, manne na achore grafu. Hiyo haitegemei giza.

Dalili: iliwaka vizuri, baada ya nusu saa imefifia

Vipovu vimejikusanya kwenye shaba na zinki imechafuka. Chomoa, sugua kwa msasa, choma mahali papya. Hapa mwamuzi hupenda kuuliza umeme unatoka wapi, na watoto wengi hujibu "kwenye ndimu." Unatokana na zinki inayoyeyuka, juisi ni njia ya kupitia tu. Mtoto achomoe msumari mmoja na auangalie kwa karibu: sehemu iliyokuwa ndani ya tunda imepoteza mng'ao na ina mabaka meusi.

Matunda hayo yatupwe. Yana zinki na shaba ndani, hayafai kwa juisi, kachumbari wala kuku wa bibi.

NAMBARI HAZIKUBALIANI

Jaribio limefanywa mara tatu na majibu ni matatu. Kabla ya kulaumu hamira, angalia aliyepima. Puto hupimwa kwa uzi unaozungushwa sehemu yake nene kuliko zote, kisha uzi unawekwa kwenye rula; akipima mama mara moja na mtoto mara nyingine, tofauti ya sentimita mbili ni ya mikono yao. Kijiko cha chai cha nyumba moja si cha nyumba nyingine, basi kiwe kimoja tangu mwanzo na kisawazishwe kwa mgongo wa kisu. Ikibaki tofauti ndogo, iachwe, na iandikwe wastani. Jedwali lenye nambari zinazolingana mno ndilo linalomtia mwamuzi shaka.

Dalili ya mwisho ya kundi hili ni bango zuri lenye mwandiko wa mtu mzima na mtoto asiyejua kwa nini kuna chupa isiyo na sukari. Tiba yake ni jioni moja: mtoto afanye jaribio zima peke yake mikono ya mzazi ikiwa mgongoni, akieleza kwa sauti. Atakapokwama ndipo penye kazi.

WAKATI WA KUACHA NA KUTAFUTA MSAADA

Siki, ndimu, spiriti au magadi vikiingia jichoni, osha kwa maji safi yanayotiririka kwa dakika 15 hadi 20, kope zikiwa zimefunguliwa, kisha hospitali kama jicho bado linauma au limekuwa jekundu. Kwa kostiki soda usisubiri kuona hali: osha, na mtu mwingine atafute usafiri wakati huohuo.

Akiungua kwa maji ya moto, maji ya bomba ya baridi kwa dakika 20. Si dawa ya meno, si yai, si asali. Malengelenge makubwa kuliko kiganja cha mtoto mwenyewe, au ya usoni na mikononi, ni ya daktari.

Maputo yasiachwe karibu na watoto wa chini ya miaka 8 bila mtu mzima. Kipande cha mpira kilichopasuka huziba koo. Mtoto akivimba midomo au akipumua kwa mluzi baada ya kushika puto, huenda mwili wake haupatani na mpira huo: hospitali mara moja. Hivyo hivyo akimeza betri ndogo ya duara iliyotolewa kwenye saa au toi ili kujaribia LED. Hiyo huunguza koo kwa ndani ndani ya saa chache hata kama mtoto anacheka.

Betri ya ndimu haina hatari ya umeme. Soketi ya ukutani inayo, na wapo watoto hufikiri kwamba kama ndimu nne hazitoshi, soketi itatosha. Waambie mapema. Soketi ikitoa cheche au harufu ya plastiki iliyoungua wakati wa kuchemsha maji, zima swichi kuu na uite fundi umeme. Jaribio liendelee kesho kwa maji ya jiko la mkaa. Ukisikia harufu ya gesi, funga mtungi, fungua madirisha, usiwashe wala kuzima taa yoyote, toka nje na mtoto, na umpigie simu aliyekuuzia mtungi ukiwa huko nje.